Kutafiti pengo la mali kutokea Dar: chuo kikuu, taasisi ya sera au uzamivu wa nje?

Mtu anayetaka kuishi kwa kutafiti nani anamiliki nini Tanzania ana njia tatu kutokea Dar es Salaam. Ya kwanza ni kuajiriwa chuo kikuu cha umma, mathalani Shule Kuu ya Uchumi au Taasisi ya Taaluma za Maendeleo pale Mlimani. Ya pili ni kuingia taasisi ya utafiti wa sera kama REPOA au ESRF. Ya tatu ni kuomba uzamivu nje na kujiunga na vituo vinavyokusanya takwimu za mali za dunia nzima.

Wengi huzilinganisha kwa mshahara. Sisi tunashauri uzilinganishe kwa mambo mawili mengine: takwimu zipi utazishika mkononi, na nani mwenye mamlaka juu ya muda wako. Mshahara hubadilika mkataba unapobadilika. Lakini ukikaa miaka 10 mahali ambapo takwimu zote ni za matumizi ya kaya maskini, utatoka hapo ukiwa bingwa wa umaskini. Hiyo ni kazi yenye heshima kubwa, ila siyo uliyoikusudia.

Unapima nini hasa

Tenganisha kwanza vitu vitatu vinavyochanganywa kila siku: matumizi, kipato na mali. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hupima umaskini kwa matumizi. Ule wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na Gini (kipimo cha ukosefu wa usawa: 0 ni wote sawa, 1 ni mmoja kuchukua vyote) ikawa 0.38. Hiyo 0.38 inahusu kile ambacho kaya zinakula, zinavaa na kulipia. Haikwambii nani ana viwanja Kigamboni wala nani ana ghorofa Kariakoo. Tajiri hawezi kula mara elfu ya maskini, lakini kumiliki mara elfu yake anaweza, na ndiyo maana mali siku zote hurundikana juu kuliko matumizi. Kwa dunia nzima, Ripoti ya Ukosefu wa Usawa Duniani ya 2022 ilikadiria kwamba nusu ya chini ya watu wazima wana asilimia 2 tu ya mali yote, na asilimia 10 ya juu wana asilimia 76.

Kuna mtego mwingine unaorudisha maandiko mengi ya uzamili. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (DHS), ule wa 2022 ukiwamo, una faharasa ya utajiri inayogawa kaya katika mafungu matano kwa kuangalia sakafu, choo, redio, pikipiki na vitu vya namna hiyo. Inafaa kupanga kaya kutoka ya chini hadi ya juu. Lakini haina shilingi ndani yake, kwa hiyo huwezi kuitumia kusema asilimia 10 ya juu wanamiliki sehemu gani ya mali.

Na sasa ugumu wenyewe. Chukua kaya tano za mtaa mmoja, nyumba zao zikiwa na thamani ya shilingi milioni 10, 10, 20, 60 na 400. Gini ya nyumba hizo ni 0.66. Mdadisi anafika kwenye geti la ile ya milioni 400, mlinzi anamwambia bosi kasafiri, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo timu imeshahamia kata nyingine. Zimebaki kaya nne, na Gini imeshuka hadi 0.40. Mtaani hakuna kilichobadilika, ni geti moja tu halikufunguliwa. Hali ni hiyohiyo kwenye sampuli kubwa: awamu ya kwanza ya Utafiti wa Kufuatilia Kaya (National Panel Survey, unaorudi kwenye kaya zilezile), 2008/09, ilikuwa na kaya 3,265, na asilimia 1 ya hizo ni kaya 32 au 33. Kumi zikikataa au zikidanganya, hesabu ya kilele imeharibika, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaoirudisha bila takwimu za kutoka mahali pengine.

Swali la kuuliza kila njia, basi, ni hili: hizo takwimu za mahali pengine nitazipatia wapi?

Takwimu utakazozishika

Taasisi ya sera inakupeleka uwandani haraka kuliko njia nyingine yoyote. Ukiwa mtafiti msaidizi unaweza kuandika dodoso, kuliingiza kwenye programu za kukusanyia majibu kama SurveyCTO au KoboToolbox, kuwafundisha wadadisi na kusafisha takwimu ndani ya mwaka wako wa kwanza. Huo ni ufundi ambao chuo hakikufundishi vya kutosha. Ila miradi inayolipiwa na wafadhili huelekea chini na katikati: wakulima wadogo, machinga, kaya zinazopata ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mfadhili anayelipia kugonga mageti ya Masaki na Oysterbay ni nadra. Na takwimu ghafi mara nyingi ni za mteja. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili na upate jibu la maandishi: nani anamiliki takwimu mradi ukiisha, na baada ya miezi mingapi utaruhusiwa kuzitumia kwenye makala yako mwenyewe.

Uzamivu wa nje unakupeleka upande wa pili, kwenye rejista. Nchi kama Norway, ambayo bado inatoza kodi ya mali, zina kumbukumbu za nyumba, hisa, amana na madeni ya kila mlipakodi, na mtafiti aliyepewa idhini anaweza kuziunganisha. Karibu na kwetu, Afrika Kusini imefungua takwimu za kodi kwa watafiti katika chumba maalumu Pretoria: unafanya kazi mlemle, na matokeo hukaguliwa kabla ya kutoka nayo. Kwa kuunganisha kodi, tafiti za kaya na hesabu za taifa, watafiti walikadiria kuwa asilimia 10 ya juu ya watu wazima wa nchi hiyo wanamiliki zaidi ya asilimia 85 ya mali. Vituo vya kuvifuatilia ni World Inequality Lab ya Paris, UNU-WIDER ya Helsinki, Stone Center ya New York, taasisi ya ukosefu wa usawa ya LSE mjini London, na kwa Afrika SALDRU ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kituo cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits), Johannesburg.

Kasoro ya njia hii haionekani mapema. Ufundi utakaoupata umejengwa juu ya rejista, na Tanzania haina rejista ya mali ya watu. Ukifungua makadirio ya Tanzania kwenye hifadhi za takwimu za kimataifa unakuta tafiti za kaya zilizorekebishwa kwa kutumia takwimu za nchi nyingine. Mhitimu anarudi na mbinu safi, anakosa cha kuzifanyia kazi, anaishia kuandika kuhusu Ulaya akiwa Dar.

Chuo kikuu cha hapa hakikupi rejista, wala hela ya dodoso. Kinakupa barua yenye nembo inayofungua ofisi, na uhuru wa kukaa na swali moja kwa miaka. Kwa utafiti wa mali hilo lina thamani kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu mali ya Watanzania imeandikwa, ila imeandikwa vipande vipande.

Tuanze na kipande ambacho hakisaidii, maana wengi hukikimbilia. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye luku (umeme wa kulipia kabla), kwa kiwango kimoja: nyumba ya kawaida shilingi 12,000 kwa mwaka, ikapanda hadi 18,000 mwaka 2023. Ukusanyaji umekuwa rahisi. Lakini nyumba ya vyumba viwili Tandale na jumba lisilo la ghorofa Mikocheni zinakatwa sawa, kwa hiyo malipo hayo hayana alama yoyote ya thamani. Mikataba ya mauzo nayo ina tatizo lake: bei inayoandikwa huwa na kishawishi cha kushushwa, kwa kuwa kodi ya faida ya mauzo inahesabiwa kutokana nayo. Aliye Mlimani ana bahati ya kuwa jirani na Chuo Kikuu Ardhi, ambako wathamini wanafundishwa. Mthamini mmoja mzoefu akikusaidia kukadiria nyumba 200 za sampuli yako kwa eneo, ukubwa na vifaa vya ujenzi, umepata kipimo cha kusahihisha majibu ya wenye nyumba.

Kipande chenye utajiri zaidi ni majalada ya mirathi. Msimamizi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha fomu namba 5, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu, kisha fomu namba 6 ya hesabu na mgawanyo. Kwa Dar, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke kimekusanya mashauri hayo mahali pamoja. Mbinu ni ya zamani na inafahamika: kila marehemu anawakilisha watu hai wa umri na jinsia yake. Tuseme katika wanaume wa miaka 60 hadi 64 mmoja kati ya 50 hufariki kwa mwaka. Basi kila jalada la mwanamume wa rika hilo linahesabiwa mara 50. Unahitaji kibali cha Mahakama, kuficha majina tangu ukurasa wa kwanza (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu), na uvumilivu wa kunakili mwandiko wa mkono.

Upotofu wa sampuli hii ya majalada, yaani nani haonekani ndani yake, lazima uuseme wazi kwenye andiko. Mirathi nyingi humalizwa kwenye kikao cha ukoo bila kufika mahakamani. Zinazofika ni zile zenye akaunti ya benki, hati au mafao, kwa sababu benki haitoi hela bila barua ya usimamizi. Shamba la kimila la Rufiji halionekani, na mali iliyowekwa ndani ya kampuni nayo haionekani, labda uisake kwenye kumbukumbu za wanahisa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Hata hivyo, majalada hayo yanagusa kundi lilelile ambalo dodoso linalikosa. Hakuna mfadhili wa miezi 9 atakayekulipa kufanya kazi hii. Chuoni inawezekana.

Muda ni wa nani

Chuoni adui ni kufundisha. Madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili yana mamia ya wanafunzi, na kusahihisha kunakula wiki baada ya wiki. Anayefaulu ni yule anayelinda likizo ndefu kwa ajili ya uwandani na asubuhi mbili za wiki kwa ajili ya kuandika. Ngazi inajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri baada ya uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inadai machapisho, na hapo ndipo wengi wanapoingia kwenye majarida yanayochapisha chochote kwa malipo. Makala mawili kwenye majarida yanayosomwa na watu wa fani yanakujenga kuliko kumi ya namna hiyo, na yale kumi hayafutiki tena kwenye wasifu wako.

Kwenye taasisi ya sera muda ni wa mkataba. Andiko la kuomba fedha likipita unafanya kazi hadi usiku. Mradi ukiisha unaandika andiko jingine ili mishahara iendelee. Mada inabadilika kila mwaka: leo ardhi, kesho lishe, keshokutwa kodi. Ripoti ya kurasa 80 iliyosomwa wizarani inaweza kuwa na athari kubwa kuliko makala, lakini ukiomba kazi chuoni haihesabiwi kama makala. Anayetaka mlango huo ubaki wazi atenge kila mradi makala moja ya kitaaluma, ikubaliwe na mkuu wake mwanzoni, sio baada ya mradi kufungwa.

Uzamivu wa nje: miaka 3 hadi 4 Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, 5 hadi 6 Marekani, ambako mwaka wa kwanza ni masomo na mitihani mizito ya nadharia, hisabati ya uchumi na ekonometria. Wanaoshindwa wengi huangukia hapo, na sababu yao mara nyingi ni hesabu. Ukiwa bado Dar, maliza aljebra ya matriki, kalkulasi ya vigezo vingi na uchambuzi halisi wa hisabati (real analysis). Baada ya mitihani, hata hivyo, utapata kitu ambacho njia mbili za hapa hazikupi: miaka mitatu ambayo kazi yako kuu ni kufikiria jambo moja, ukilipwa.

Mlango wa kuingilia

Kwa vyuo vya umma matangazo hutoka kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kigezo kinachokata wengi ni ufaulu: GPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 5) ya 3.8 kwenda juu kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili ukitaka uhadhiri msaidizi. Hakuna barua wala uzoefu unaofidia 3.7. Aliye na 3.6 asipoteze miaka kusubiri huruma. Taasisi za sera na vyuo vya nje huangalia sampuli ya kazi yako, programu ya takwimu unayoijua, Stata au R, na barua za waliokusimamia.

Taasisi za sera huajiri mara nyingi kwa kukujaribu kwanza, kama mdadisi, msimamizi wa timu au mchambuzi wa muda. Ukifanya kazi safi ya uwandani, na takwimu zako zikawa na maelezo kamili ya kila kigezo, unaitwa tena.

Kuna njia ya kati ambayo haipati umaarufu inaostahili: uzamivu wa pamoja unaoratibiwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao Nairobi, ulioanzishwa 1988. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo. Unasoma masomo ya msingi chuoni kwako, unakwenda Nairobi kwa masomo ya hiari pamoja na wenzako wa nchi nyingine, unarudi kwenye tasnifu. Ukifika hatua ya tasnifu, omba nafasi ya mgeni UNU-WIDER ya miezi mitatu Helsinki, inayokubali wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi zinazoendelea.

Kwa wanaoenda nje moja kwa moja: usilipe ada ya uzamivu mfukoni mwako. Programu nzuri za uchumi zinakulipa. Ukirudi, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo tunza nakala za matokeo yote.

Vibali

Chuoni barua ya utafiti hutolewa na chuo chenyewe. Kutoka hapo unapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa. Tenga wiki tatu hadi sita. Usiwalipe wadadisi kabla barua ya mwisho haijagongwa muhuri. Walioajiriwa au kusajiliwa nje, na wenzao wa kigeni, hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi. Zanzibar ina utaratibu wake kupitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2019 yaliondoa jinai iliyowekwa 2018 kwa anayechapisha takwimu zinazotofautiana na za serikali, lakini bado andika mbinu zako kwa uwazi kiasi kwamba mwenye shaka aweze kurudia hesabu.

Tungemshauri nani aende wapi

Mwenye GPA inayotosha na anayevutwa na ardhi, nyumba na mirathi, achukue chuo, kisha uzamivu wa AERC au wa nje akiwa mwajiriwa. Asome kwa makini mkataba wa ruhusa ya masomo, hasa miaka anayofungwa kutumikia baada ya kurudi. Mwenye haraka ya kuona matokeo yake yakitumika kwenye bajeti, na asiyesumbuliwa na kubadilisha mada, aende taasisi ya sera. Atakuwa na furaha huko kuliko darasani. Anayeelekea nje tungemtaka akae kwanza mwaka mmoja au miwili kwenye taasisi ya sera. Atakayeingia Paris au New York akiwa hajui jinsi jibu la thamani ya shamba linavyopatikana Mbagala au Mkuranga ataziamini namba kuliko zinavyostahili.

Kabla ya kuomba popote, jipe wiki moja na takwimu za Utafiti wa Kufuatilia Kaya, zinazopakuliwa bure kwenye maktaba ya takwimu ya Benki ya Dunia baada ya kujisajili. Kokotoa Gini ya matumizi kwa faili ya jumla ya matumizi iliyokwisha andaliwa. Kisha nenda kwenye sehemu ya kilimo, ambako mkulima anaulizwa angeuza shamba lake kwa shilingi ngapi, na sehemu ya vifaa vya nyumbani; jumlisha thamani kwa kila kaya, kokotoa Gini ya pili. Tumia uzito wa sampuli (idadi ya kaya ambazo kila kaya ya sampuli inawakilisha) kwenye hesabu zote mbili. Kaya isiyo na shamba iwe sifuri, na ya aliyekataa kujibu iachwe wazi bila namba. Ukiwachanganya hao wawili Gini yako ni ya uongo. Angalia pia majibu yaliyoongezewa sifuri moja, mathalani shamba la ekari 2 kwa shilingi milioni 300 kijijini, uamue na uandike sababu kabla ya kulifuta jibu. Ukiona umeanza kujiuliza ni nani alijibu swali lile na kwa nini alitaja bei ile, peleka maombi.